Je, Ni Dhambi Kumhasi Paka?

Neno tunalotaka kulisema mwezi huu ni dogo, na wengine wenu mtacheka mkiliona limepigwa chapa katika gazeti la Wakristo, pamoja na habari za ubatizo na za mashule. Ni habari ya paka. Chekeni kwanza, si neno; lakini twawaomba mkiisha kucheka msome hata mwisho, maana katika jambo hili dogo tumeona uongo mkubwa ukaao katika nyumba zetu, nasi wenyewe tulikuwa miongoni mwa waongo.

Tuanze kwa kuungama. Nyumbani kwetu hapa Kilosa tulikuwa na paka jike, mweupe mwenye mabaka meusi, hodari sana wa kuwinda. Tangu alipokuja, mahindi yetu ghalani yalikaa salama, wala hatukuona tena magunia yaliyotobolewa pembeni. Tulimpenda, na watoto wakampa jina. Lakini kila baada ya miezi michache alizaa, mara wanne, mara watano. Watoto wake wa kwanza tuliwagawa kwa majirani, nao wakashukuru. Wa pili tuliwagawa kwa shida. Wa tatu hakuna aliyewataka, kwa kuwa kila nyumba ilikwisha kuwa na wake. Basi tukafanya kama wafanyavyo wengi. Tuliwatia katika gunia kuukuu, tukamwita kijana mmoja wa mtaani, tukampa fedha kidogo, tukamwambia, “Wapeleke mbali.” Hatukumwuliza mbali ni wapi.

Kesho yake asubuhi watoto wa shule walikuja darasani wamelowa hata magotini, wamebeba gunia. Walikuwa wameliona ukingoni mwa mto Mkondoa, limenaswa katika matete. Ndani walikuwamo watoto wa paka watano. Watatu wamekwisha kufa, wawili wangali wakilia. Binti mmoja akauliza, “Mwalimu, ni nani aliyefanya hivi?” Nasi hatukujibu neno, maana ubavuni mwa gunia lile palikuwa na jina letu, tulilolitia kwa wino kwa mkono wetu wenyewe, lisije likapotea mashineni. Mtoto yule aliyeuliza aliweza kusoma. Sisi ndio tuliomfundisha.

Tangu siku ile tukaanza kutafuta njia nyingine. Daktari wa mifugo akatueleza kwamba paka aweza kuhasiwa, dume kwa jike, akaishi miaka yake yote bila kuzaa, wala asiache kuwa paka. Tulipoliarifu jambo hili kwa wenzetu baada ya ibada, makelele yakawa mengi. Ndugu wasomaji, angalieni ajabu hii: watu wale wale ambao hawakusema hata neno moja juu ya gunia walikuwa na maneno mengi sana juu ya kisu. Basi tumeyakusanya maneno yao, nasi tutayajibu moja moja, kwa heshima lakini bila kuficha.

Neno la kwanza. Wasema ni kinyume cha amri ya Mungu. Mzee mmoja wa kanisa, ambaye twamheshimu sana, alituambia, “Mwalimu, Mungu aliviambia viumbe vizae, nawe unavizuia?” Tukamjibu, “Mzee wetu, neno lako lina kweli ndani yake.” Ndiyo, baraka ya kuzaa imo katika kitabu cha Mwanzo. Katika sura ya kwanza walipewa samaki na ndege, kisha wanadamu; na katika sura ya nane, baada ya gharika, wanyama waliotoka safinani nao wakapewa. Hatulifichi neno hilo. Lakini baraka ile ilitolewa ili nchi ijae uhai. Mtu akizalisha paka wake mara mbili kwa mwaka, na mara mbili kwa mwaka akijaza gunia mizoga, je, ametii baraka au ameichezea? Tena mwanadamu alipewa kuwatawala wanyama, na kila mtawala ana siku yake ya kutoa hesabu.

Zaidi ya hayo, sisi sote huhasi. Ng'ombe akokotaye jembe ni maksai. Bwana mifugo huja na koleo lake, lile waliitalo burdizo, akabana mishipa ya fahali, na wenye ng'ombe husimama wakitazama bila kukunja uso. Mbuzi ndafu anayeletwa arusini, amenona hata mafuta yanadondoka, alinona kwa sababu alihasiwa. Hatujapata kumwona mzee yeyote akiikataa sahani ya ndafu kwa ajili ya kitabu cha Mwanzo. Basi kuhasi kwa faida ya tumbo letu ni halali, na kuhasi kwa ajili ya kumwondolea mnyama taabu ndiyo dhambi? Hii ni mizani ya namna gani?

Wako wanaotaja Mambo ya Walawi, sura ya 22, ambapo mnyama aliyehasiwa amekatazwa kuletwa madhabahuni. Ni kweli, na Wayahudi washikao torati hulielewa agizo lile kuwa lakataza kuhasi mnyama yeyote. Twawaheshimu kwa uaminifu wao. Lakini Mkristo atakayelishika neno hilo na alishike lote: na aanze zizini kwa maksai wake, kisha aende arusini kwa ndafu, ndipo aje nyumbani kwetu kwa paka. Na wale wanaonong'ona kwamba mnyama aliyehasiwa ana laana, na waisome sura ya 56 ya Isaya, waone ahadi waliyopewa matowashi; kisha wasome sura ya 8 ya Matendo ya Mitume, waone ni nani aliyebatizwa na Filipo njiani. Ikiwa Mungu hakumtupa mtu towashi, hatuoni kwa nini amlaani paka.

Neno la pili. Wasema ni ukatili. Neno hili latupasa kulijibu kwa makini, kwa kuwa lingekuwa kweli kama kazi hii ingefanywa ovyo. Tumesikia habari za watu waliomshika paka dume kwa nguvu, wakamtia kichwa katika gunia, wakamkata kwa wembe. Huo ni ukatili mtupu, nasi twaulaani pamoja nanyi. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 imewekwa katika nchi yetu ili kukataza mateso ya namna hiyo, na Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003 yataka kazi ya udaktari wa wanyama ifanywe na watu waliofundishwa na kuandikishwa.

Lakini kuhasi kwa kweli si hivyo. Daktari humpa paka dawa ya usingizi, nusukaputi kama wapewavyo watu hospitalini, hata asisikie lolote. Dume huondolewa korodani, kazi ya dakika chache, na kidonda chake hupona upesi. Jike hupasuliwa tumboni, hutolewa mifuko ya mayai ya uzazi, na mara nyingi mji wa mimba pia, kisha hushonwa. Kazi ya jike ni kubwa kuliko ya dume. Hatutaki kuwadanganya: kila dawa ya usingizi ina hatari yake, ijapokuwa ni ndogo mikononi mwa mjuzi. Sisi tulimtia paka wetu katika tenga la kuku, tukapanda basi, tukashika njia ya Dumila hata Morogoro. Abiria walitucheka njia nzima. Jioni aliamka analewalewa kama mtu aliyekunywa pombe. Kesho yake alikula. Siku kumi zilipopita alitolewa nyuzi. Maumivu yake yalikuwa ya siku chache, tena ya mara moja tu. Linganisheni na mama yule yule alivyozunguka ghala usiku kucha akiwaita watoto wake, mara baada ya mara, nasi tumelala tukiziba masikio. Sasa tuambieni ukatili ulikuwa wapi.

Tena jike azaaye bila kupumzika hukonda, manyoya yake hunyauka, na magonjwa humwandama. Akihasiwa mapema, uvimbe wa matiti humpata kwa nadra, na usaha wa mji wa mimba, ambao huweza kumwua paka jike, hauna mahali pa kuingia. Dume aliyehasiwa hupunguza kuzurura, hupunguza kupigana usiku, na ile harufu yake mbaya mlangoni hupungua. Wako wanaoshauri jike aachwe azae mara moja kwanza, ati ndipo atatulia. Ushauri huo hauna faida yoyote kwa paka. Faida yake huiona gunia tu.

Neno la tatu. Wasema paka aliyehasiwa hawindi tena, nasi tutaliwa na panya. Neno hili ndilo zito kuliko yote kwa mtu wa shamba, nasi hatulidharau. Hapa kwetu panya si mchezo. Panya shamba mmoja jike aweza kuzaa watoto kumi na zaidi kwa mara moja, na katika miaka ambayo mvua huja kwa namna isiyo ya kawaida huzidi hata wakafukua mbegu za mahindi mashimoni kabla hazijaota. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, pale Morogoro, wamemchunguza panya huyu kwa miaka mingi, kwa sababu mkoa wetu waujua ubaya wake.

Lakini kuwinda kwa paka hakutoki katika uzazi. Paka huwinda kwa sababu ni paka. Macho ni yale yale, masikio ni yale yale, makucha ni yale yale. Linalobadilika ni kwamba haendi tena kutafuta mwenzi mitaa mitatu mbali. Hukaa karibu na nyumba, yaani karibu na ghala lenu. Hunenepa upesi akipewa chakula kingi, kwa hiyo mpimieni. Paka wetu sasa yu mwezi wa nne tangu kupasuliwa, na juma lililopita alituletea panya watatu mlangoni, amewapanga kama mtoto aonyeshavyo daftari lake.

Na kama twataka kweli kushinda panya, tujue kwamba wingi wa paka peke yake si dawa. Wataalamu waliochunguza nyumba za mashambani huko Eswatini waliandika mwaka 2017 kwamba panya waliogopa nyumba zenye paka na mbwa pamoja. Paka bila mbwa, au mbwa bila paka, hakuleta tofauti kubwa. Basi paka mmoja mwenye afya, na mbwa mmoja aliyechanjwa, na ghala lililoinuliwa juu ya miguu yenye vizuizi vya bati, na uwanja uliofagiwa, vitashinda paka kumi wenye njaa wanaoiba samaki jikoni. Tena vitaishinda sumu ya panya, ambayo imekwisha kuua kuku wetu na paka wetu, na ambayo mtoto mdogo aweza kuiokota akidhani ni chakula.

Neno la nne. Wasema haya ni mambo ya Wazungu na matajiri. Sisi hatuna fedha ya dawa ya watoto, tutapata wapi fedha ya paka? Hapa twanyenyekea. Mtu asiye na fedha ya sare ya mwanawe hatumhukumu hata kidogo, wala Mungu hatamwuliza kile ambacho hakumpa. Neno letu latuhusu sisi wenye mishahara, na wenye maduka, na wenye mazao yaliyouzwa vizuri, ambao fedha ya soda na ya mchango wa arusi hatukosi. Tena fedha hupungua watu wakikusanyika. Nyumba kumi zikikubaliana, zaweza kumwita daktari aje siku moja afanye kazi yote. Na ikiwa fedha yatosha paka mmoja tu, aanzwe jike. Ukimhasi dume wako mmoja, shume wa jirani atakuja usiku ule ule. Lakini jike aliyehasiwa hazai, hata yaje mashume mia.

Tena si la Wazungu. Ndugu zetu wa Lamu, mji wa Waswahili wenye paka wengi tangu zamani, wamekwisha kuona kwao kazi ya kuwahasi paka wa mitaani. Na majirani zetu Waislamu hapa Kilosa hutuaibisha mara nyingi. Wao hufundishwa tangu utoto habari ya mwanamke aliyemfungia paka hata akafa kwa njaa, naye akaadhibiwa kwa ajili hiyo. Sisi tulio na neno la Bwana wetu juu ya shomoro, tumefundisha nini watoto wetu juu ya paka?

Neno la tano. Wasema, wote wakihasiwa, paka watatoka wapi? Hili latufurahisha, kwa kuwa ni swali la hesabu, nasi tu walimu. Jike huweza kushika mimba akiwa na miezi mitano au sita, wakati mwingine hata kabla. Hubeba mimba kwa muda wa siku 63 hivi, tena huweza kushika mimba nyingine naye angali ananyonyesha. Katika nchi za baridi hupumzika siku zikiwa fupi. Katika nchi yetu jua halimpumzishi. Tuseme azaa mara mbili tu kwa mwaka, watoto wanne kila mara: ni wanane. Majike kumi ya mtaa mmoja yatazaa 80 kwa mwaka mmoja, na 240 kwa miaka mitatu, bila kuhesabu wajukuu. Je, mtaa huo una ghala 240? Hata nyumba tisa katika kumi zikiwahasi majike yao, jike moja litakalobaki litatosha kuwapa watu wote. Hakuna aliyesema wahasiwe wote. Twasema asizae yule ambaye watoto wake hawana kwao.

Sasa twawaomba wenzetu wa Mikumi watusikilize kwa namna ya pekee, kwa kuwa kwao jambo hili lina upande mwingine. Mji wao waishi pembeni mwa Hifadhi ya Taifa ya Mikumi, iliyowekwa mwaka 1964, yenye ukubwa wa kilomita za mraba 3,230, na barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia yapita katikati yake. Watu waliochoka na watoto wa paka huona ni rahisi kuwaacha kando ya barabara, au karibu na mahoteli wanaposimama madereva, wakijisemea, “Porini watajitafutia.” Wengi hawajitafutii kitu. Huliwa na tai na chatu, au hukanyagwa na malori. Wachache wanaopona huwa mashume, wala hawana mwenyewe.

Nao mashume hawa wana jamaa porini. Kimburu, yule paka mwitu wa rangi ya majivu akaaye katika mbuga za nchi yetu, ni ndugu wa damu wa paka wa nyumbani. Mwaka 2007 wataalamu wa urithi wa viumbe walionyesha kwamba paka wote wa kufugwa duniani wametokana na kimburu wa nchi za Mashariki ya Kati. Kwa kuwa ni damu moja, wakikutana huzaana, na watoto wao nao huzaa, hata mwisho kimburu halisi akapotea kama maziwa yaliyotiwa maji mara nyingi. Huko Scotland jambo hili limekwisha kutokea: mwaka 2019 wataalamu walitangaza kwamba paka mwitu wa nchi ile hawezi tena kuendelea mwenyewe, kwa sababu amechanganyika mno na paka wa majumbani. Tusingoje kusikia hivyo kwetu.

Na magonjwa je? Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa, uliotoka kwa mbwa wa vijijini, uliingia Serengeti ukaua simba wapatao 1,000, kama theluthi moja ya simba wote wa mbuga ile. Ule ulikuwa wa mbwa, lakini watufundisha kwamba mpaka wa hifadhi hauzuii ugonjwa. Paka pia hushikwa na kichaa cha mbwa, akamwuma mtoto akifa mtoto. Wakati serikali na washirika wake walipofanya kazi kubwa ya kuzuia kichaa cha mbwa kusini-mashariki mwa nchi yetu, kuanzia mwaka 2010, tulifundishwa kwamba mnyama asiyejulikana mwenyewe ndiye mgumu kumchanja. Shume wa pembeni mwa barabara atachanjwa na nani?

Liko na neno jingine, ambalo watu hawalisemi hadharani. Paka wasio na mwenyewe hulia usiku juu ya mapaa. Dume na jike wakitafutana, sauti zao hufanana na mtoto mchanga aliaye. Ndipo mtu huamka akasema, “Huyu si paka bure, ametumwa.” Asubuhi paka mweusi hukutwa amepigwa mawe, na jina la bibi mmoja mjane huanza kupita midomoni mwa watu. Wakristo tuliokana ushirikina katika ubatizo wetu tunaogopaje sauti ya mnyama atafutaye mwenzi? Paka aliyehasiwa halii hivyo. Kama jambo hili lingeokoa bibi mmoja tu na fitina za kijiji, lingekuwa limelipa gharama yake yote.

Basi, nini kifanyike? Twalisema kwa ufupi, ili yeyote aweze kulikata neno hili na kulibandika ukutani.

Mwenye paka jike asiye na hakika ya kuwapatia watoto wake makao, na amhasi akiwa na miezi minne hata sita, kabla hajazaa. Aende kwa bwana mifugo wa kata, aulize daktari aliyeandikishwa yuko wapi. Asimkubali mtu mwenye wembe na maneno mengi. Kabla ya safari amwulize daktari paka afunge kula muda gani. Akirudi naye, amweke mahali pakavu penye giza kidogo, amzuie kulamba kidonda, na amwangalie kila siku. Kidonda kikivimba au kutoa usaha, amrudishe kwa daktari. Wala asimpe kamwe vidonge vya maumivu vya watu. Panadoli moja, iliyotuliza kichwa chako, yaweza kumwua paka. Na siku hiyo hiyo ya daktari aombe chanjo ya kichaa cha mbwa.

Asiyeweza kumhasi, na awatafutie watoto makao kabla hawajatimiza majuma manane, akawatolee watu wanaojulikana, wala asiwaache sokoni. Na ikiwa kweli hapana makao wala njia, amwombe bwana mifugo awaondoe bila maumivu. Hilo ni neno la huzuni, lakini lafanywa mbele ya macho. Gunia ni dhambi ya mtu atakaye jambo litendeke, lakini hataki kuliona.

Ndugu zetu, hapo ndipo penye shina la maneno yetu yote. Kama kungekuwa na njia mbili, moja ya kumhasi paka na nyingine ya kumwacha azae watoto wakue kwa amani, tusingeandika hata mstari mmoja. Kila mtu angechagua apendavyo. Lakini njia ya pili haiko katika mitaa yetu. Njia iliyoko ni mto, na barabara, na mawe. Anayekataa kisu cha daktari ameshachagua mojawapo ya hizo, hata kama mkono wake haukushika gunia, hata kama alimlipa mwingine kama tulivyofanya sisi. Kitabu cha Mithali, katika sura ya 12, chatufundisha kwamba mwenye haki huijali nafsi ya mnyama wake. Hakikusema ng'ombe tu, wala hakikusema mnyama wa thamani tu.

Wale wawili waliookolewa mtoni wangali hai. Mmoja, dume, alichukuliwa na binti yule aliyetuuliza swali. Wa pili ni jike, yuko kwetu, naye mwezi huu anatimiza miezi mitano. Tenga la kuku tumekwisha kulitengeneza, na safari hii nyumba nne za jirani zimetuomba tuandamane. Mzee wetu wa kanisa bado hakubaliani nasi, lakini juzi alitujia jioni, akakaa kimya kidogo, kisha akauliza, “Mwalimu, huko Morogoro mwaenda siku gani? Maana na wangu amekwisha kuanza kulia juu ya dari.”